Furu, Sangara na Maji ya Ghuba ya Mwanza

Kwa miongo mingi, taarifa za uvuvi wa Ziwa Victoria zilimpitia furu harakaharaka. Ni samaki mdogo, wengi wao hawazidi urefu wa kiganja, ana miiba mingi na nyama kidogo. Maofisa wa kikoloni walimweka katika fungu la samaki duni wasiostahili hata kuhesabiwa mmoja mmoja. Lakini chini ya jina hilo moja mlikuwa na spishi zaidi ya 500, karibu zote zisizopatikana mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya spishi hizo ilitoweka, na nyingi zilikwenda kabla mtaalamu yeyote hajazipa jina.

Sangara, mlanyama mkubwa aliyeletwa kutoka nje ya ziwa, ndiye aliyebebeshwa lawama, na kweli alikula. Ila watafiti waliokuwa Nyegezi, Mwanza, wakati mambo yakitokea mbele ya macho yao waligundua kwamba kisa hakiishii tumboni mwa sangara. Mwindaji anapoingia mahali papya, atakayepona na atakayekwisha huamuliwa na makazi: miamba, matope, mafunjo, mwanga na hewa iliyomo majini. Frans Witte, mwanaikolojia kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, alitumia zaidi ya miaka 30 ya maisha yake kulionyesha jambo hilo, pamoja na wenzake wa Kitanzania na Kiholanzi. Ili kuelewa walichokiona, inafaa kuanza mbali.

Ziwa jipya na samaki wake

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake ni kidogo: kilindi kirefu kabisa hufikia mita 80 hivi. Ziwa lenye umbo la sinia pana namna hii huathirika upesi mvua zinapopungua. Mashapo yaliyochimbwa chini yake yanaonyesha kwamba mwishoni mwa enzi ya barafu lilikauka, nyasi zikaota mahali ambapo leo mitumbwi hupita. Maji yalirudi miaka 15,000 hivi iliyopita.

Mito iliyolijaza upya ilileta mababu wa furu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 unaonyesha kwamba kizazi hicho kilitokana na kuchanganyika kwa koo mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa juu wa Nile. Mchanganyiko huo uliwapa watoto wao akiba kubwa ya tofauti za maumbile. Wengine walikuwa na taya nzito, wengine midomo myembamba, wengine macho yanayoona vizuri rangi ya buluu au nyekundu.

Ziwa nalo lilikuwa na makao ya kila namna. Furu wa miambani walijifunza kukwangua mwani. Waliokaa juu ya mchanga walivunja magamba ya konokono. Waliokaa juu ya matope walichuja mabaki ya mimea, na wale wa katikati ya maji walifuata viumbe vidogo vinavyoelea. Wapo waliowinda samaki wenzao, na wapo waliomlazimisha jike kutema mayai na vifaranga anavyovilea mdomoni ili wavile. Jike la furu hutaga mayai machache, pengine makumi tu, kisha huyatunza kinywani hadi watoto waweze kuogelea. Malezi hayo yalitosha katika ziwa ambalo wawindaji wake wakubwa walikuwa wachache. Kwa samaki anayewindwa kwa wingi, uzazi wa namna hiyo hauwezi kuziba pengo upesi.

1901 hadi 1950: reli, nyavu na onyo

Reli ya Uganda ilifika ufukweni, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901. Soko la samaki likafunguka hadi Nairobi na kwingineko. Mwaka 1905 nyavu za kunasa zilizotengenezwa Ulaya ziliingizwa ziwani. Kabla ya hapo wenyeji walivua kwa migono, ndoana na nyavu za kienyeji, na uvuvi wao ulifuata mafuriko ya mito na misimu ya kuzaliana.

Samaki aliyetafutwa zaidi alikuwa ngege, samaki wa asili wa jamii ya sato. Nyavu mpya zilimnasa kwa urahisi, na katika muda mfupi mavuno ya kila wavu yalianza kushuka. Serikali za kikoloni zilimwita Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, aje kupima ziwa zima. Alifanya kazi hiyo mwaka 1927 na 1928, akisaidiwa na E. B. Worthington. Ripoti yake ya mwaka 1929 ilipendekeza macho ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5 ili ngege wachanga wapone.

Ndani ya ripoti hiyo hiyo mlikuwa na onyo. Graham aliandika kwamba kuleta samaki mkubwa mlanyama kutoka ziwa jingine kungekuwa na hatari kubwa mno, isipokuwa kama utafiti wa kina ungetangulia. Hii ilikuwa robo karne kabla ya sangara wa kwanza kutiwa ziwani.

Sharti la inchi 5 lilipitishwa, lakini halikusimamiwa vizuri, na katika miaka ya 1950 lilianza kuondolewa. Wavuvi walihamia nyavu za macho madogo, ngege akazidi kupungua. Wasimamizi wa uvuvi wakabaki na ziwa lililojaa furu ambao hawakuwaona kuwa na thamani, na tamaa ya samaki mkubwa wa kuuzwa.

1954 hadi 1971: sangara anaingia

Sangara ni mwenyeji wa Nile, Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Anaweza kufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 200, na jike moja hutaga mayai kwa mamilioni. Kwa maelfu ya miaka Maporomoko ya Murchison yalimzuia kupanda kufika Victoria.

Hoja ya waliotaka aletwe ilionekana nyepesi: sangara atakula furu wasio na faida, kisha watu watakula sangara. Geoffrey Fryer, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, aliipinga mwaka 1960. Alieleza kwamba kila ngazi ya ulaji hupoteza sehemu kubwa ya chakula, kwa hiyo kumgeuza furu kuwa sangara kungepunguza jumla ya samaki ambao ziwa linaweza kutoa. Aliongeza kwamba hakuna ajuaye mwindaji huyo angewafanya nini samaki ambao hawakuzaliwa naye.

Wakati Fryer akiandika, sangara alikuwa ameshaingia. Uchunguzi wa kihistoria wa Robert Pringle, uliochapishwa mwaka 2005, unaonyesha kwamba samaki hao walitiwa ziwani kimyakimya upande wa Uganda mwaka 1954, na waliohusika walikuwa watu wa idara ya uvuvi wenyewe. Mwaka 1962 na 1963 wengine waliongezwa rasmi, Entebbe na Kisumu. Uamuzi ulitangulia, mjadala ukafuata.

Kisha kwa zaidi ya muongo mmoja halikutokea jambo kubwa. Kati ya mwaka 1969 na 1971 meli ya utafiti ilikokota nyavu zake ziwa zima, na matokeo yalionyesha kwamba furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa karibu na sakafu ya ziwa. Sangara alionekana mara chache tu. Watu wakatulia, wakadhani kwamba hofu ya Graham na Fryer ilikuwa bure.

1976 hadi 1983: kazi ya Nyegezi

Mwaka 1976 kiwanda cha unga wa samaki kilianzishwa Mwanza. Boti za kukokota nyavu zilikuwa zikileta tani 10 hadi 15 za furu kwa siku, wakasagwa kuwa chakula cha kuku. Swali likazuka: je, furu wangeweza kuhimili uvuvi huo? Hakuna aliyeweza kujibu, kwa sababu hakuna aliyejua walikuwa spishi ngapi, zinaishi wapi, wala zinazaa kwa kasi gani.

Ndipo mwaka 1977 kikaanza kikosi cha utafiti wa furu kilichoongozwa kutoka Leiden, Witte akiwa mmoja wa nguzo zake. Makao yao yalikuwa Nyegezi, kusini mwa mji wa Mwanza. Baadaye walishirikiana kwa karibu na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliyoanzishwa mwaka 1980, na watafiti wake kama Egid Katunzi.

Kazi ilikuwa ya subira. Walichagua mstari wa vituo vinavyokatiza Ghuba ya Mwanza kuanzia Ghuba ndogo ya Butimba, wakarudi kwenye vituo hivyo hivyo mwezi baada ya mwezi. Kila mara walikokota nyavu kwa muda uliopangwa, wakapima kina, wakaandika kama sakafu ni mchanga au matope, kisha wakawachambua samaki juu ya meza: meno, taya, rangi ya dume, kilichomo tumboni.

Jambo la kwanza lililojitokeza ni jinsi kila spishi ilivyoshikilia mahali pake. Mita chache za kina zilitosha kubadilisha orodha nzima ya samaki. Aliyeishi juu ya mchanga wa kando hakuonekana kwenye matope ya mita 10. Visiwa viwili vya mawe vilivyotazamana vilikuwa na furu wa rangi tofauti. Katika ghuba hiyo moja walitambua spishi zaidi ya 120 kwenye vituo vyao vya kawaida peke yake. Moja ya walizozipa jina waliiita kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, mwaka 1985. Leo inajulikana kitaalamu kama Pundamilia nyererei, na dume wake ana mgongo mwekundu na mistari myeusi ubavuni.

Jambo la pili lilikuwa onyo. Hata kabla sangara hawajawa wengi, furu wa sehemu zilizokokotwa na boti za kiwanda walikuwa wameanza kupungua, hasa spishi zenye miili mikubwa. Swali la awali, kama furu wangehimili uvuvi mkubwa, lilikuwa linajibiwa kwa hapana.

1983 hadi 1988: miaka ya sangara

Upande wa Kenya, katika Ghuba ya Winam, sangara alifurika mwishoni mwa miaka ya 1970. Uganda ilifuata. Ghuba ya Mwanza ilifikiwa kuanzia mwaka 1983, na kwa muda wa miaka mitatu au minne tu hali ya ziwa ikageuka.

Witte na wenzake walikuwa na kitu ambacho wataalamu wengi huwa hawana balaa linapotokea: hesabu za kabla. Vituo vilevile vya Butimba viliendelea kukokotwa. Baada ya mwaka 1986, kati ya spishi 123 na zaidi zilizokuwa zikipatikana pale, takriban 80 hazikuonekana tena. Katika maji yenye kina na matope, furu walikaribia kwisha kabisa. Wawindaji samaki, wala uduvi na wavunja konokono walikuwa miongoni mwa walioathirika vibaya. Mwaka 1992 kikosi hicho kilikadiria kwamba katika ziwa zima spishi 200 hivi, kati ya zaidi ya 300 zilizojulikana wakati huo, zilikuwa zimetoweka au zinakaribia kutoweka. Ni vigumu kutaja msiba mwingine wa wanyama wenye uti wa mgongo katika nyakati zetu uliotokea kwa kasi hiyo mahali pamoja.

Mnyororo wa ulaji ulifupika. Waliokuwa wakila mabaki ya mimea sakafuni walipoondoka, uduvi wadogo wa ziwani walijaa nafasi yao. Dagaa nao waliongezeka. Sangara alipomaliza furu aligeukia uduvi, dagaa na hata watoto wake mwenyewe, na aliendelea kunawiri.

Kwa binadamu mabadiliko yalikuwa na pande mbili. Mavuno ya ziwa yalipanda kutoka tani 100,000 hivi kwa mwaka katika miaka ya 1970 hadi tani 500,000 hivi mwishoni mwa miaka ya 1980. Viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu, Jinja, Mwanza na Musoma, na biashara ya Ulaya ikaleta fedha nyingi za kigeni. Vijana walipata kazi kwenye mialo. Upande wa pili, furu aliyekaushwa juani na kuuzwa kwa senti chache alikosekana sokoni. Sangara ana mafuta, hakauki vizuri kwa jua, hivyo alihitaji kuni za kumbanikia au mafuta ya kumkaangia. Wanawake waliozoea kununua samaki moja kwa moja kwenye mitumbwi walishindwa kushindana na magari ya viwanda, wengine wakabaki na mapanki yaliyobaki baada ya minofu kukatwa. Dagaa ndiye aliyebaki kitoweo cha mwenye kipato kidogo.

Waliopona walijificha wapi

Katikati ya hasara hiyo, kazi ya kulinganisha makazi ilianza kuzaa matunda. Furu hawakupotea kila mahali kwa kiwango kimoja. Kando kando ya ufuko na kwenye visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza na Ghuba ya Speke, spishi nyingi ziliendelea kuishi. Sangara mkubwa haingii katika nyufa za miamba, na wingi wake ulikuwa mdogo katika maji ya kina kifupi.

Kwenye mafunjo, kinga ilikuwa ya aina nyingine. Maji yaliyo ndani ya mafunjo huwa na oksijeni kidogo mno. Sangara hawezi kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu. Furu kadhaa wanaweza. Katika miaka ya 1990 Lauren Chapman na wenzake walilionyesha jambo hili katika Ziwa Nabugabo, Uganda, ambako sangara aliletwa pia: samaki wa asili walioangamizwa katikati ya ziwa walipatikana ndani na ukingoni mwa kinamasi. Maziwa madogo yaliyotengwa na vinamasi, kama Kanyaboli upande wa Kenya, yalihifadhi hata ngege.

Hapa ndipo utafiti ulipotoa somo lake kubwa kwa wasimamizi wa ziwa. Kinamasi kinachokatwa ili kulima mpunga ni ukuta unaovunjwa kati ya mwindaji na mawindo.

Miaka ya 1990: maji yaliyopoteza mwanga

Wakati wote huo ziwa lenyewe lilikuwa linabadilika. Misitu ya bondeni ilikuwa imefyekwa, udongo ulioshwa na mvua, mbolea na maji machafu ya miji vikaingia ziwani. Mwani uliongezeka mara nyingi zaidi. Mwaka 1927 kisahani cheupe cha kupimia uangavu kilionekana hadi mita 7 hivi chini ya maji. Miaka ya 1990 mara nyingi kilipotea machoni kabla ya mita 3. Mwani uliokufa ulioza sakafuni na kula oksijeni, hata maji ya chini yakawa hayakaliki kwa miezi kadhaa ya mwaka. Magugu maji yaliyotapakaa katika muongo huo yalizidisha adha.

Ole Seehausen alichunguza furu wa miambani akishirikiana na Jacques van Alphen na Witte. Mwaka 1997 walichapisha matokeo yaliyofungua ukurasa mpya. Furu wengi wa jamii za karibu huweza kuzaa pamoja na kupata watoto wazima. Kinachowatenganisha ni uchaguzi wa jike, anayemfuata dume wa rangi ya spishi yake. Katika maji angavu, mahali pamoja paliishi spishi nyingi zenye rangi kali. Katika maji yaliyochafuka, rangi zilififia na spishi zilikuwa chache. Walipowaweka majike maabara chini ya mwanga unaoficha tofauti ya nyekundu na buluu, majike hayo yaliacha kuchagua.

Kwa hiyo spishi iliweza kupotea bila samaki hata mmoja kuliwa. Mipaka iliyodumu maelfu ya miaka ilifutika kwa sababu jike hakuweza kuona.

Furu wanarudi, lakini si wale wale

Uvuvi wa sangara kwa ajili ya viwanda ulikua hadi samaki wakubwa wakaanza kuadimika. Kuanzia miaka ya 1990 furu walionekana tena kwenye nyavu za utafiti za Ghuba ya Mwanza. Waliorudi kwa wingi walikuwa hasa wa makundi mawili: wala viumbe vinavyoelea na wala mabaki ya matope. Makundi mengine mengi yaliendelea kuwa haba.

Walipolinganishwa na samaki waliohifadhiwa kwenye chupa tangu miaka ya 1970, tofauti ilionekana. Mmoja wao, Haplochromis pyrrhocephalus, alikuwa na mashavu makubwa zaidi ya kupumulia, na sehemu ya nyuma ya mwili iliyoongezeka, ambayo humsaidia kuchomoka ghafla anapofukuzwa. Mabadiliko hayo yalitokea ndani ya miongo miwili tu. Mary Kishe-Machumu, mtafiti Mtanzania, alionyesha kwamba hata wala mabaki ya matope walikuwa wamebadili mlo, wakila zaidi wadudu na viumbe vidogo vya majini.

Mjadala wa sababu haujafungwa. Mwaka 2016 Paul van Zwieten na wenzake walihoji kama sangara ndiye aliyewamaliza furu, au kupungua kwa furu ndiko kulikomfungulia njia, kwa kuwa furu walikuwa wakila na kushindana na vifaranga vya sangara. Witte, Katunzi na Kees Goudswaard walikuwa wamelitazama suala hilo mwaka 2008, wakifuatilia jinsi wimbi la sangara lilivyosambaa ghuba kwa ghuba. Witte alifariki mwaka 2013, lakini hesabu za Butimba alizozisimamia ndizo ambazo pande zote mbili bado zinazitumia.

Matokeo kwa maamuzi ya leo

Ukipanga visa hivi kwa mfuatano, sababu zinaonekana zikishikana. Uvuvi wa ngege ulizaa tamaa ya samaki mkubwa. Kumdharau furu kulifanya aonekane chakula cha mwindaji na malighafi ya kiwanda. Boti zilimpunguza, maji yakachafuka, sangara akamalizia. Onyo la mwaka 1929 na lile la mwaka 1960 hayakukosa ushahidi. Yalikosa watu wa kuyasikiliza.

Leo ufugaji wa sato kwenye vizimba unaongezeka katika nchi zote tatu, miji ya kando ya ziwa inakua, na vinamasi vinaendelea kugeuzwa mashamba. Kila uamuzi wa namna hiyo unahitaji kuulizwa maswali ambayo kikosi cha Nyegezi kilifundisha kuuliza: nani anaishi pale, kwa kina gani, juu ya sakafu gani, katika mwanga na hewa kiasi gani. Yanahitaji kuulizwa kabla ya kitu kutiwa majini, na hesabu zianze kabla ya mabadiliko. Visiwa vya mawe na mafunjo vilinusuru spishi zilizobaki bila msaada wa sheria yoyote. Kuvilinda sasa ni kazi ya serikali na wavuvi wenyewe. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kile ambacho ziwa limekwisha kulipa.